Kipimo cha manjano kwa mtoto mchanga: tuombe cha ngozi au cha tone la damu?

Muuguzi_Wachanga:
Habari zenu. Naomba ushauri wa waliofanya kazi wodi za watoto wachanga, hasa hospitali za wilaya. Taa za bluu za kutibu manjano tunazo, tunachokosa ni namba. Sampuli ya bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu inayoleta manjano, ikitoka wodini mchana, majibu ni kesho yake, na vitendanishi (kemikali za kupimia) vikiisha hakuna majibu kabisa. Hapo katikati nabaki na macho na kidole changu. Nakandamiza ngozi ya pua, naangalia fizi, naangalia nyayo. Usiku, mtoto mweusi chini ya taa ya wodi, nani ana uhakika?

Juzi kaletwa mtoto wa siku nne, amelegea, hanyonyi, nyayo za njano. Tulimweka kwenye taa palepale. Lakini je, alihitaji kubadilishwa damu? Hatukuweza kujibu, tukampa rufaa. Bilirubini ikishaharibu ubongo hairudishiki: mtoto anaweza kupoteza usikivu, viungo vikakakamaa. Inaniuma kumsafirisha mtoto wa hivyo kwa kukisia.

Kamati imeniambia niandike pendekezo la kifaa kimoja. Niandike kipi, cha ngozi au cha tone la damu?

Mteknolojia_wa_Zamu:
Dada, cha tone la damu kina hoja nzito. Kile kilichoitwa BiliSpec, cha Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, kilijaribiwa kwa watoto wachanga Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, matokeo yakachapishwa 2017. Namba zake zilikaribiana sana na za maabara. Tone linawekwa kwenye karatasi, karatasi inachuja chembe nyekundu, kisomaji cha betri kinapima umanjano wa majimaji yanayobaki. Hakuna kuzungusha damu kwenye mashine.

Ila tone liwe safi. Pasha kisigino joto, choma pembeni, futa tone la kwanza, usikamue. Ukikamua, chembe zinapasuka na kipimo kinaharibika. Na sampuli ya kwenda maabara ifunikeni isipate mwanga. Pale Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, chupa ya damu iliyosahaulika juani ilirudi na bilirubini ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyozaa hizo taa mnazotumia.

Daktari_Watoto:
Cha ngozi, kinachogusishwa kwenye ngozi na kusoma umanjano kwa mwanga, nimekitumia. Hakichomi, hakitumii karatasi, kinafaa sana kuwachunguza watoto kabla hawajaruhusiwa. Lakini bei ni maelfu ya dola, kwa watoto weusi mara nyingi kinasoma juu kuliko damu, na mtoto akishawekwa kwenye taa ngozi inapauka, kinakudanganya. Yule wako wa juzi alikuwa anahitaji kipimo cha damu. Kwa kazi yako, nami nasema tone la damu. Vilevile bandikeni ukutani ulinganisho wa vipimio vya bilirubini: mg 20 kwa desilita ni mikromoli 342 kwa lita. Hospitali ya rufaa ikitumia kipimio kingine, watu wanachanganyikiwa saa mbaya.

MamaPacha:
Samahani wataalamu, mimi ni mzazi tu. Huku mtaani tunaambiwa tumwanike mtoto jua la asubuhi. Si inatosha?

Muuguzi_Wachanga:
Hapana mama, asante kwa kuuliza. Jua la dirishani hatuwezi kulipima, mtoto anaungua au anapoa, na siku mbili zinapotea nyumbani. Akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au nyayo na viganja vikiwa vya njano siku yoyote, mlete hospitali siku hiyohiyo. Nguo zilizowekwa nafthalini, vile vidonge vya kufukuza wadudu kabatini, msimvalishe: wapo watoto wengi kwetu ambao miili yao ina upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na nafthalini inapasua damu yao.

Daktari na Mteknolojia, nimewaelewa. Naandika tone la damu, ila siombi kisomaji peke yake. Naomba karatasi za mwaka mzima, ziingizwe kwenye maoteo ya famasi kama vipimo vya malaria, na sampuli za kulinganisha na maabara kila mwezi. Kifaa bila karatasi kitaishia kabatini, na nimeshaona makabati hayo. Nawasilisha Ijumaa. Mwenye mfano wa fomu ya kurekodi namba pamoja na umri wa mtoto kwa saa, si kwa siku, aniwekee hapa tafadhali.