Nimetuma orodha ya malipo yenye kosa, Jumatatu inalipwa. Nimwambie bosi au nirekebishe kimyakimya?

Mgeni_Kazini (Jumamosi, saa 3:40 usiku)

Shikamooni wakubwa zangu. Naandika mikono ikitetemeka.

Nina wiki ya 5 kazini, ni ajira yangu ya kwanza na bado niko kwenye miezi ya majaribio. Alhamisi jioni msimamizi wangu aliniachia orodha ya malipo ya mafundi wa mkataba, watu 148: jina, namba ya akaunti, kiasi. Akasema, "Ipange vizuri, umpelekee mhasibu." Nikaona nimrahisishie mhasibu kazi, nikapanga viasi kuanzia kikubwa kushuka hadi kidogo. Nikaangalia jumla kule chini, haijabadilika hata kidogo. Nikatuma, nikaenda nyumbani na furaha yangu.

Leo nimelifungua tena lile faili kwa sababu tu nilitaka kujifunza fomula aliyoitumia msimamizi. Ndipo nikaona fundi aliyefanya kazi siku 2 ana malipo makubwa kuliko wote. Viasi vimehama, majina na akaunti vimebaki palepale. Karibu kila mtu ana pesa ya mwenzake.

Malipo yanaingizwa benki Jumatatu asubuhi. Faili la awali ninalo, liko kwenye baruapepe aliyonitumia. Nawaza nipange upya usiku huu, nimtumie mhasibu nimwambie "tumia hili, lile halikuwa la mwisho", yaishe. Au nimwambie msimamizi? Naogopa ataniona siiwezi kazi, na nyumbani wananitegemea. Nishaurini tafadhali, sijala tangu mchana.

Fundi_wa_Karatasi (saa 3:52 usiku)

Pole sana. Mimi ningetuma faili jipya na kunyamaza. Mhasibu akipata orodha sahihi kabla ya Jumatatu hakuna atakayeumia. Nasema kwa nia njema kabisa: niliwahi kukiri kosa langu nikiwa kwenye majaribio kama wewe, na mkataba haukuendelea.

Mama_Daftari (saa 4:05 usiku)

Marahaba mwanangu. Mpigie simu msimamizi wako sasa hivi. Usitume ujumbe wala baruapepe kwanza. Ni Jumamosi usiku, ujumbe unaweza kulala bila kusomwa mpaka Jumatatu, orodha imeshafika benki.

Aliyetangulia simbezi, yaliyomkuta yanauma. Lakini hebu lifikirie hilo faili jipya. Mhasibu atakuwa na mafaili 2 ya watu walewale, jumla ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Pengine la kwanza alilichapisha Ijumaa, limeshasainiwa, liko kwenye jalada. Ukimwandikia "tumia hili" bila kumweleza lile lina nini, atalinganisha jumla, ataona ni sawa, ataendelea na lililosainiwa. Hata mimi ningefanya hivyohivyo, na nimekaa kwenye uhasibu miaka 19.

Nikusimulie na la kwangu. Mwezi wangu wa 2 kazini nilimlipa msambazaji mmoja ankara ileile mara 2. Niligundua Jumanne. Nikajiambia nitaongea naye arudishe, mkuu wa kitengo asijue. Jumatano simu haikupokelewa. Alhamisi akasema atarudisha. Ijumaa mkuu wangu akaliona mwenyewe kwenye taarifa ya benki, akaniita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Umejua tangu lini?" Nilipomjibu Jumanne, aliinamisha kichwa akaendelea kuandika. Pesa zilirudi baada ya wiki moja. Lakini kwa mwaka mzima kila vocha yangu ilipitiwa na mtu wa pili, na ufunguo wa kabati la hundi alionichukulia siku ile sikuupata tena mpaka yeye alipohama. Mpaka leo naamini kwamba kama ningeingia ofisini kwake Jumanne ileile, ule ufunguo ningebaki nao. Sitaki na wewe uulizwe "tangu lini".

Sasa cha kusema. Usianze kwa kuomba radhi dakika 5, maana mtu anayepigiwa usiku anataka kwanza kujua kimeharibika nini. Mwambie hivi: "Samahani kwa kukusumbua usiku. Orodha ya mafundi niliyompelekea mhasibu Alhamisi ina kosa, na kosa ni langu. Nilipanga safu ya viasi peke yake, kwa hiyo majina na akaunti havilingani na pesa. Naomba isilipwe. Faili lako la awali ninalo, halijaguswa. Naweza kuandaa jipya ulikague kesho." Ukishasema hayo, nyamaza umsikilize. Simu ikiisha, andika baruapepe fupi yenye maneno hayohayo, kwake na kwa mhasibu, ili kuwe na maandishi kwamba faili la Alhamisi lisitumike.

Kisha nijibu kitu kimoja: kati ya akaunti na viasi kuna safu tupu? Ukichagua safu moja iliyopakana na nyingine, Excel huuliza kwanza kama ipange na za jirani. Safu tupu ikikaa katikati, inaona ni majedwali 2 tofauti, inapanga hilo moja bila kukuuliza chochote.

Na ule kitu, hata kidogo.

Mgeni_Kazini (saa 4:31 usiku)

Mama, kuna safu tupu kweli! Niliiweka mwenyewe ili orodha isionekane imebanana.

Nimempigia. Maneno yako niliyanakili kwenye karatasi nikayasoma kama yalivyo, maana ningejaribu kuyasema kwa kichwa ningelia. Alikaa kimya, nikasikia mlango ukifungwa, nadhani alitoka walipokuwa wamekaa. Akauliza, "Mhasibu anajua?" Nikasema bado. Akasema atampigia yeye, mimi niandae jipya, nilitume kesho kabla ya saa 6 mchana na nimwoneshe nimelihakiki vipi. Hakunifokea, na hakunipa neno la kunitia moyo pia. Baruapepe nimeshatuma.

Sasa nitahakiki kwa njia gani? Jumla ndiyo iliyonidanganya.

Mchambuzi_wa_Takwimu (saa 4:48 usiku)

Umefanya vizuri sana kupiga simu. Wengi wa umri mkubwa kuliko wewe hawafanyi.

Makosa ya namna hii yamewapata mabingwa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa wa nchi nyingi. Mwaka 2013 mwanafunzi aitwaye Thomas Herndon alipata faili lao la Excel, akabofya kwenye fomula ya wastani na kuangalia inaanzia mstari upi na kuishia upi. Nchi 5 zilikuwa zimeachwa nje. Waandishi wenyewe wakakiri kosa hilo. Nimekutolea mfano huu kwa sababu ya alichokifanya yule mwanafunzi: aliifungua fomula yenyewe. Na wewe fanya hivyo kwenye jumla yako, uone kama inafika mstari wa mwisho.

Kisha hesabu mistari, 148 iliyoingia na 148 iliyotoka. Uingereza mwaka 2020 wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu taarifa zilipakiwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje.

Mama_Daftari (saa 5:10 usiku)

Nimefurahi, mwanangu. Hilo la kutokukutia moyo lisikuumize. Alikuwa anafikiria benki.

Kazi yenyewe ifanye asubuhi, si sasa, macho yamechoka. Anza na faili lake la awali, lihifadhi kwa jina jipya lenye tarehe, lile usiliguse. Kabla ya kitu chochote weka safu mpya mwanzoni, ijaze namba 1 mpaka 148. Ukivuruga tena, unapanga kwa safu hiyo na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Safu tupu iondoe. Ukitaka nafasi, panua safu.

Ukishapanga, tumia VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta: kwa kila namba ya akaunti, lete kiasi kutoka faili la awali, kiweke pembeni, toa kimoja kwenye kingine. Safu nzima ya tofauti lazima iwe sifuri. Hapo hutegemei jumla tena, unamwangalia kila fundi na pesa yake. Njia hii inafaa kama hakuna akaunti inayojirudia, kwa hiyo hilo litazame kwanza. Na safu ya akaunti iwe imewekwa kama maandishi, si namba, maana Excel humeza sifuri za mwanzo na haitunzi zaidi ya tarakimu 15. Nimeshaona akaunti ikibadilika hivihivi, mtu akakaa wiki 2 bila malipo yake.

Mwisho toka kwenye fomula, tumia macho. Chukua wa kwanza, wa mwisho, wachache wa katikati, na yule fundi wa siku 2. Linganisha na karatasi za siku walizofanya kazi.

Mgeni_Kazini (Jumapili, saa 5:15 asubuhi)

Nimetuma. Sifuri 148. Moja ilinitisha, ilitoa alama ya kosa, kumbe kulikuwa na nafasi tupu baada ya namba ya akaunti. Yule wa siku 2 amekuwa wa 3 kutoka mwisho.

Mhasibu amejibu baruapepe yangu ya jana. Lile la Alhamisi alikuwa ameshalichapisha na limeshasainiwa, amelitoa kwenye jalada na kulipiga mstari. Msimamizi ameandika: "Nimeliona. Kesho njoo saa 1 na nusu, tulipitie sisi watatu kabla halijaingizwa benki."