Tupeane uzoefu: meza ya waini na mlo wa heshima kwa joto la Mtwara

Mwanashangani: Msimu wa korosho umeanza, ndugu wanarudi kutoka Dar na Dodoma na chupa kwenye mabegi, kila Jumamosi kuna meza inaandaliwa Shangani au Mikindani. Tupeane uzoefu: nini huwa kinaharibika, na kwa nini?

Naanza na joto. Waini nyekundu inasemwa inywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mtwara mwezi wa Novemba inapita 28. Hapo kilevi ndicho kinachotangulia puani, harufu ya tunda inapotea, na watu wanailaumu waini ambayo haina kosa. Nyekundu iingie friji kama saa moja kabla ya kumiminwa. Nyeupe ikae saa mbili na nusu, ifike nyuzi 8 hadi 12.

Feri Alfajiri: Na umeme ukikatika? Chukua deli au ndoo, barafu nusu, maji nusu, chumvi viganja viwili, chupa izame mpaka shingoni. Dakika 15 hadi 20 nyeupe imepoa. Maji ndiyo yanayobeba joto. Barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu. Barafu ya feri, soko la samaki, inafaa, ila chupa ifutwe vizuri, maana itanuka samaki.

Mkwe wa Lindi: Ya chumvi naikazia.

Kinyonga: Wengine tunaweka friza nusu saa, inatosha.

Mwanashangani: Ukikumbuka kuitoa, sawa. Friza ya nyumbani ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na waini inaanza kuganda kwenye 5 au 6 chini ya sifuri. Ikiganda inatanuka, inasukuma kizibo au inapasua chupa. Ile yenye gesi ndiyo hatari zaidi. Friza hapana.

Buti la Basi: Chupa nyingi zinafika zimeshakufa. Zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, ndani ya buti, mchana, waini inapikika. Kagua kabla ya kufungua: kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, au kuna michirizi inayonata chini ya karatasi ya shingo. Ukionja, inanukia jamu iliyochemka. Hakuna dawa hapo. Safirisha kwa basi la usiku, chupa uviringishie khanga mbili na ukae nayo miguuni. Ikifika, ilaze siku mbili tatu mahali penye giza.

Kisamvu cha Nazi: Kiasi jamani. Chupa ni mililita 750. Kuonja ni mililita 50 kwa kila mtu, kwa hiyo chupa moja inatosha watu 15. Watu 8, aina 5, ni chupa moja ya kila aina na nyingine inabaki ya kunywea chakula. Kila mmoja anakuwa ameonja jumla ya theluthi ya chupa, kwa hiyo kopo la kutemea liwepo na maji yawe mengi. Anayeendesha bodaboda ateme zote.

Mpangilio: yenye gesi, nyeupe kavu (isiyo na utamu), nyeupe nzito, nyekundu, tamu mwisho. Ukianza na tamu, kavu inayofuata itaonekana siki.

Mzee wa Kivinje: Nyekundu na samaki ni kosa. Chuma kilichomo kwenye waini nyekundu kikikutana na mafuta ya samaki, mdomo unabaki na ladha ya msumari.

Kisamvu cha Nazi: Mzee, shikamoo. Kwa jodari na vibua nakubali. Lakini changu wa kuchoma kwa mkaa hana mafuta mengi. Nyekundu nyepesi iliyopozwa inakaa naye vizuri.

Mzee wa Kivinje: Marahaba. Bado nasema hapana. Changu wa nazi anataka nyeupe yenye uchachu, kama Chenin Blanc, ikate tui. Ukiongeza pili pili, tafuta yenye utamu kidogo na kilevi kidogo. Kilevi cha asilimia 14 kinachochea mwasho.

Dada Udi: Hakuna aliyetaja udi! Usifukize udi wala dawa ya mbu saa ile. Pua ikishashika udi, glasi zote zinakuwa kitu kimoja. Tumieni feni, upepo wake mbu hawauwezi.

Mbanguaji: Dada Udi amenikumbusha meza moja Mikindani. Watu 12, chupa nne ziko wazi, mwenyeji akataka wageni waone korosho zikichomwa papo hapo. Debe lililotobolewa likawekwa hatua tano tu kutoka mezani, tena upande upepo unakotokea. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakipata moto yanatoka, yanaruka, yanawaka. Mchomaji hakuwa mzoefu. Alipoona ndimi za moto akamwaga maji, na mafuta yanayowaka yakatawanyika na kumpata mkononi, malengelenge mpaka kwenye kiwiko. Moshi ukalala juu ya meza. Watoto macho hayafunguki, wazee wanakohoa, kitambaa chote masizi. Chupa zile nne hazikuonjeka tena.

Feri Alfajiri: Mungu wangu. Mchanga! Unamwaga korosho chini, unafunika mchanga, basi.

Mbanguaji: Ndiyo. Mchanga mkavu uwe tayari kabla ya moto kuwashwa, debe likae mbali, upande upepo unakoelekea. Anayebangua apake jivu mikononi.

Kinyonga: Kuna wanaosema maji yanafaa ukimwaga mengi.

Mbanguaji: Kaka, usimfundishe mtu hilo. Mafuta yanaelea juu ya maji huku yanawaka. Na mafuta ya ganda yakigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Mwenye malengelenge aende zahanati. Kwa meza ya waini, nunua zilizobanguliwa, zikaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika 10 hadi 12, chumvi kidogo. Chumvi ndiyo inayolainisha ukakasi wa nyekundu.

Mwl Newala: Mgeni asiyejua huo ukakasi, mpe kipande cha bibo, tunda la mkorosho, kwanza. Jinsi bibo linavyokausha ulimi na fizi ndivyo nyekundu changa inavyofanya. Ataelewa bila maelezo.

Kinyonga: Basi tuweke uraka, pombe ya mabibo, ndiyo waini yetu.

Mwl Newala: Uweke, wa siku ileile, baridi, mwanzoni kabisa. Ukilala unachachuka na kufunika kila kitu. Gongo isikaribie meza.

Bint Mitengo: Sisi tusiokunywa tunakaa wapi?

Dada Udi: Meza hiyohiyo, mdogo wangu, glasi zenu mbali na zetu. Juisi ya rosela isiyo na sukari ina ukakasi na rangi ya nyekundu. Ya ukwaju iliyochujwa mara mbili inakwenda na changu. Na mpishi asitie waini kwenye mchuzi wa wote. Kupika hakuondoi kilevi chote.

Bint Mitengo: Asante dada. Na pweza asiwe raba?

Mzee wa Kivinje: Mgandishe usiku mzima, umyeyushe. Kilo moja na nusu, moto mdogo, maji yake yenyewe, usiweke chumvi, dakika 45 hadi 60. Choma uma sehemu nene. Ukipita bila kusukuma, zima. Apoe ndani ya maji yake.

Mkwe wa Lindi: Jumamosi hii nina changu wanne na nyekundu ya Dodoma ya zabibu za Makutupora. Naiweka ndoo ya barafu dakika 10. Mzee wa Kivinje, karibu uonje mwenyewe.

Mzee wa Kivinje: Nitakuja. Nyeupe yangu nakuja nayo.