Gemu za kompyuta zimechukua jina la Dungeons & Dragons na kumwacha msimulizi nje; nimechoka kuambiwa kwamba ni kitu kimoja

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia kwa muda mrefu, lakini baada ya yaliyotokea kwenye meza yangu Jumapili iliyopita nimeona nifungue uzi huu na kusema waziwazi kinachonikera. Imezoeleka siku hizi kusemwa kwamba mtu aliyemaliza gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate 3 ameshacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimulizi huiendesha dunia inayowazunguka, na kwamba sisi tunaokaa mezani na dadu, penseli na karatasi za wahusika tumeng'ang'ania namna ya kizamani ya kufanya jambo ambalo kompyuta inalifanya vizuri zaidi. Kauli hiyo si ya kweli, na ubaya wake hauishii kwenye mabishano, kwa sababu imeanza kuziharibu meza zenyewe.

Jumapili hiyo tulimkaribisha kijana mmoja mwenye bidii na adabu, ambaye amecheza gemu hiyo kwa zaidi ya saa mia mbili. Mhusika wake, mwizi mwepesi wa vidole, alifika usiku mbele ya ghala lililofungwa, akarusha dadu ya pande 20, ikatoka 4, nami kama msimulizi nikamweleza kwamba kijichuma chake kimevunjikia ndani ya kufuli na kwamba mlinzi aliyeko upande wa pili ameusikia mlio. Akaniomba turudi nyuma ajaribu tena. Nilipomjibu kwamba huku haturudi nyuma, nikamuuliza anafanya nini sasa, alinyamaza kidogo, akatutazama wote, kisha akauliza: "Chaguo zangu ni zipi?"

Swali hilo halijanitoka kichwani hadi leo. Simlaumu kijana yule hata kidogo, maana kwa saa mia mbili amefundishwa kwamba dunia ni orodha ya sentensi nne au tano zilizopangwa chini ya skrini, na kwamba kosa ni kitu kinachofutwa kwa kufungua faili lililohifadhiwa dakika mbili zilizopita. Hasira yangu ni kwa wale waliomhakikishia kwamba alichokuwa akikifanya nyumbani ndicho tunachokifanya sisi.

Muda mfupi baadaye dadu yake ilitoka 20 alipotaka kumshawishi mlinzi yuleyule amkabidhi funguo za hazina ya bwana wake, akadai kwamba 20 haikataliwi. Kwenye Baldur's Gate 3 ana haki: katika majaribio ya uwezo, 20 hufaulu daima na 1 hufeli daima. Kwenye kanuni za toleo la tano la mchezo wa mezani zilizotoka mwaka 2014, ambazo ndizo msingi wa gemu hiyo, upendeleo huo umewekwa kwa mashambulizi na kwa dadu za mtu anayepigania roho yake, wala haukuwekwa kwa maneno au kwa kufuli. Ndivyo ilivyo pia kwa kumsukuma adui, jambo ambalo mezani linachukua nafasi ya shambulizi lakini kwenye gemu ni kitendo cha ziada unachokifanya na shambulizi lako likabaki palepale. Ndivyo ilivyo pia kwa usingizi. Mezani pumziko refu ni saa nane, na huruhusiwi kulipata zaidi ya mara moja katika saa 24, na wakati umelala adui naye anatembea, anachimba, anaua mateka. Kwenye gemu, ukiwa na chakula cha kutosha, unakwenda kambini karibu wakati wowote, na mahali pengi dunia inakusubiri uamke. Mabadiliko haya yana sababu zake katika gemu na sina ugomvi nayo yakibaki humo. Ugomvi wangu unaanza pale ninapoambiwa kwenye meza yangu mwenyewe kwamba nimekosea kanuni kwa sababu skrini inasema vingine.

Hata hivyo, kanuni si kiini cha malalamiko yangu, na ningeomba wachangiaji wasinivute huko. Ushahidi kwamba kanuni si kiini ni The Temple of Elemental Evil ya mwaka 2003, gemu iliyozifuata kanuni za toleo la 3.5 kwa uaminifu ambao ni gemu chache zimewahi kuufikia, zamu kwa zamu, hatua kwa hatua, na bado ukiicheza unajikuta peke yako chumbani ukiwaongoza watu ambao hakuna anayewasikiliza. Kiini ni msimulizi. Gary Gygax na Dave Arneson, waanzilishi wa mchezo huu, walipouza sanduku lao la kwanza mwaka 1974, nakala elfu moja zenye vijitabu vitatu, walikuwa wametoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambako kulikuwa na mwamuzi wa kutoa hukumu pale kanuni ziliponyamaza. Walichokiongeza ni kumfanya mwamuzi huyo awe pia macho, masikio na midomo ya dunia nzima. Mchezaji anasema jambo lolote linalomjia, na yupo mtu aliye hai wa kulisikia, kulipima na kulijibu. Ukimwondoa mtu huyo unabaki na dadu na hesabu.

Ngoja niwape mfano kutoka mezani kwangu, kwa sababu bila mfano nitaonekana ninapiga maneno tu. Mwaka jana wahusika wetu walifika kwenye pango la sfinksi, yule simba mwenye uso wa mtu, ambaye kwa desturi ya mchezo huuliza fumbo kabla ya kukupisha. Tunacheza kwa Kiswahili, kwa hiyo sfinksi wangu alitega kama bibi zetu walivyotega: "Kitendawili!" Wakaitika wote watano, "Tega!" Akasema, "Kuku wangu katagia mibani." Wakabishana robo saa nzima, wakataja nungunungu, wakataja nyuki, lakini hakuna aliyekumbuka nanasi. Ndipo sfinksi akasema kile ambacho kila mtu aliyekua na vitendawili anakijua: "Basi nipeni mji." Mmoja wao, bila kufikiri mara mbili, akajibu, "Nakupa Phandalin."

Meza nzima ilinyamaza, kwa sababu Phandalin ulikuwa mji walioukomboa wao wenyewe kwa miezi minne ya kucheza, na rafiki zao walikuwa wakiishi humo. Nyumbani mtu anayetoa mji katika kitendawili hatoi kitu, anatamka jina tu ili apewe jibu, lakini sfinksi si bibi, na neno mbele yake lina uzito. Niliamua palepale kwamba mji umetolewa. Wiki sita baadaye wahusika waliporudi Phandalin waliwakuta wachimbaji wa madini wakilipa kodi kwa mnyama aliyejilaza juu ya paa la nyumba ya mkuu wa mji, na kampeni yote, yaani hadithi yetu ndefu, ikageuka kuwa safari ya kuurudisha mji ambao mmoja wao aliutoa kwa mdomo wake. Hakukuwa na mahali popote, katika kitabu chochote nilichokuwa nacho, palipoandikwa jambo hilo. Lilizaliwa kati ya mchezaji aliyesema na msimulizi aliyesikia, ndani ya lugha tunayoifahamu wote, na nathubutu kusema kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayelisahau.

Sasa niambieni ni gemu gani ingelifanya hilo. Iliripotiwa kwamba Baldur's Gate 3 ina miisho 17,000 kwa kuhesabu tofauti zake zote, nami nawavulia kofia Larian Studios wa kule Ghent kwa kazi hiyo, kwa sababu nimeimaliza mara mbili na waigizaji wake wamenitoa machozi. Lakini 17,000 ni hesabu yenye mwisho, na kila mwisho uliwekwa humo na mtu ambaye hajawahi kukusikia. Gemu hiyo haina hata Kiswahili cha maandishi, sembuse cha kutega na kutegua. Mhusika anaishia ngazi ya 12, wakati kitabu cha kanuni kinakwenda hadi 20, na mpaka huo una maana yake. Huko juu, kuanzia ngazi ya 17, ndiko aliko mchawi mwenye uwezo wa kutamka uchawi uitwao Wish, ambapo mchezaji anataja tamanio lake kwa maneno yake mwenyewe na kitabu chenyewe kinamwachia msimulizi uhuru mkubwa wa kuamua litatimiaje. Hakuna orodha inayoweza kubeba uchawi wa namna hiyo, kwa kuwa uchawi wenyewe ni mazungumzo kati ya watu wawili.

Wapo watakaonijibu kwamba ninaidai mashine jambo isiloliweza. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu historia ya gemu hizi inaonyesha kwamba tatizo lilijulikana mapema na lilishawahi kushughulikiwa. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya sanduku lile la kwanza, wanafunzi walikuwa tayari wanaandika michezo ya mapango kwenye mfumo wa kompyuta wa PLATO uliojengwa Chuo Kikuu cha Illinois. Pool of Radiance ya mwaka 1988 iliujua udhaifu wake kiasi kwamba ilipofika mahali penye masimulizi ilikuelekeza ufungue kijitabu kilichomo ndani ya boksi, usome aya yenye namba fulani. Mashine ilikiri kwamba hadithi haijatosha ndani yake. Baldur's Gate ya kwanza, mwaka 1998, ilimkabidhi mtu mmoja wahusika hadi sita awaendeshe peke yake, mapigano yakienda mfululizo hadi umeyasimamisha, na hapo wazo la meza lilikuwa limeshafifia sana, ingawa gemu yenyewe ilikuwa nzuri.

Halafu mwaka 2002 BioWare wakatoa Neverwinter Nights. Wenye umri wangu wanaikumbuka. Ndani ya boksi hilo mlikuwa na vifaa vya kujengea dunia yako mwenyewe, na zaidi ya hapo kulikuwa na programu ya DM (Dungeon Master, yaani msimulizi), ambayo ilimwezesha mtu halisi kuingia kwenye mchezo wa wenzake waliounganishwa kwa mtandao, akavaa sauti ya mlinzi wa lango, akamleta joka pasipotarajiwa, akajibu lile ambalo mwandishi wa gemu hakuliwaza. Haikuwa kamilifu, picha zake zilikuwa za miraba na ramani zake za vigae, lakini msikilizaji alikuwemo. Watu walijenga humo dunia zilizodumu kwa miaka mingi.

Zaidi ya miaka ishirini imepita, na kitu hicho hakijaendelezwa inavyostahili. Sword Coast Legends ya mwaka 2015 iliahidi kumrudisha DM, ikampa kazi ya kupanga mitego na viumbe ndani ya uzio mwembamba, watu wakavunjika moyo na gemu haikudumu. Larian wenyewe waliweka nafasi ya msimulizi katika Divinity: Original Sin II mwaka 2017, gemu ambayo haina hata jina la Dungeons & Dragons, na ilifanya kazi: unaweka ramani, unaandika matukio, unaamua. Walipopata jina lenyewe, jina ambalo maana yake yote ni meza yenye msimulizi, wakatoa gemu isiyo na nafasi hiyo. Wachezaji wanne wanaweza kuungana, ndiyo, lakini wa tano, yule wa kusikiliza, hana kiti.

Ninachodai ni mambo mawili, na ninayadai kwa uzito. La kwanza ni kwa wenye haki ya jina, ambao tangu mwaka 1999 ni Hasbro kupitia Wizards of the Coast: gemu kubwa ijayo itakayobeba jina hili isitoke bila nafasi ya msimulizi aliye hai, na itolewe na vifaa vya kuandikia maneno kwa lugha yoyote, ili mtu wa Tanga au Mombasa atege kitendawili chake humo bila kuomba ruhusa. La pili ni kwenu mnaokuja mezani kutoka kwenye gemu, na mnakaribishwa kwa mikono miwili: msiulize chaguo zenu ni zipi. Semeni mnachotaka kufanya, hata kama kinaonekana cha ajabu, nasi tutakipima pamoja.

Kijana wa Jumapili amesema atarudi wiki hii, na nimemwandikia leo asubuhi kumwomba asilete kitu zaidi ya dadu zake. Wale mnaojiandaa kunijibu kwamba kompyuta haiwezi kubeba msimulizi, naomba mnieleze kwanza iliwezaje mwaka 2002.