Nyota za mpingo kwenye mlango wa mninga: pembe hazikai

Muulizaji, Tabora: Mafundi wenzangu, habari za kazi. Ninachonga milango ya mninga kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), nami ningependa kupachika nyota za mpingo zisizoacha mwanya, lakini biti (kisu cha mashine kinachozunguka) ya milimita 3 huacha pembe za ndani zikiwa za mviringo na nyota haiingii. Je, nipanue shimo?

Jibu: Hapana, fundi, ukipanua utaziba mianya kwa gundi na unga wa mbao, na mteja ataiona. Biti ya duara ya milimita 3 haina budi kuacha mviringo wa nusukipenyo cha milimita 1.5. Tumia biti yenye ncha ya V ya nyuzi 60: shimo liwe na kuta za mteremko, na nyota ichongwe kinyume kwa mteremko uleule, ili kadiri unavyoikandamiza ndivyo kingo zinavyobana. Acha nafasi ndogo chini kwa ajili ya gundi, kisha sawazisha juu ikishakauka.

Jibu: Naunga mkono. Mpingo una mafuta, kwa hiyo uufute kwa spiriti kabla ya gundi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mninga uleule, si cha msonobari.

Muulizaji: Ahsanteni, nitaagiza biti hiyo.