Ndugu wa Tabata: viatu vya sare vya Shangazi

Shangazi: Kamati nimewasikia, ila vile viatu vya sare ya sherehe sivai. Jana nimevijaribu dakika kumi tu, kinundu cha kidole gumba, ule mfupa uliochomoza pembeni, kinawaka moto mpaka sasa hivi.

Mama Tatu: Wifi jamani! Jozi 18 zimeshalipiwa, zote dhahabu. Si ulichukua 40 na wewe ni 39?

Shangazi: Ndiyo, niliongeza namba. Sasa kisigino kinachomoka na mbele kunabana vilevile 😩

Neema (Dodoma): Shikamooni. Shangazi, ukiongeza namba unapata zaidi urefu. Kiatu kilichochongoka mbele hata ukichukua 43 ni mchongoko uleule. Wewe unataka kipana pale vidole vinapokaa.

Shangazi: Marahaba nesi wetu. Sasa nitajuaje kipana kwa macho?

Neema (Dodoma): Usitumie macho. Leo jioni, siyo asubuhi, maana jioni mguu umevimba kidogo, simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu na penseli aishike wima. Kata ule mchoro uutie ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, hicho si chako, hata king'ae vipi. Chora miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa.

Juma: Baba Mdogo asichore, atatoa ramani ya Ziwa Nyasa 😂

Baba Mdogo: Juma nimekuona.

Mama Tatu: Na zile silikoni za kuweka katikati ya vidole? Nimeona wanauza mtandaoni, eti mwezi mmoja kidole kimenyooka.

Neema (Dodoma): Zinapunguza msuguano, basi. Kidole cha mtu mzima kikishapinda hakinyooshwi na silikoni wala na kiatu. Kukinyoosha ni upasuaji, na hufanywa maumivu yakishazidi. Tena ukiitia silikoni ndani ya kiatu chembamba unazidi kujibana.

Shangazi: Kisu hapana! Halafu marehemu mama alikuwa na vinundu miguu yote miwili, na mchuchumio hakuujua. Kandambili maisha yake yote.

Neema (Dodoma): Umbo la mguu tunarithi. Mchuchumio unakuja kukoleza tu, uzito wote unasukumwa kwenye vidole. (Wangu wa kushoto nao umeanza kuchomoza, nimeshauona.)

Juma: Shangazi, hivyo viatu ni ngozi? Fundi wangu Kariakoo ana kalibu ya mbao, anatanua palepale kwenye kinundu.

Shangazi: Ngozi ya wapi? Plastiki tupu.

Juma: Hapo hapana, itapasuka kabla haijatanuka. Njoo Karume basi, kwenye mtumba nikuchagulie. Vingine vina herufi ndani. Ukiona W au EE, hicho kipana. Vya kike vya Marekani upana wa kawaida ni B, kwa hiyo hata D kwako ni neema.

Neema (Dodoma): Neema ni mimi. Shangazi, sendozi pia sawa, ila mkanda usikatize juu ya kinundu, wala mshono usikae hapo. Mkanda uwe wa kulegeza na kukaza. Kisigino kifupi, kisizidi sentimita 4 au 5. Kiatu cha kufunika kikiwa sawa, mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya unene wa gumba la mkono. Na usikubali muuzaji akikwambia "kitaachia ukikivaa". Kikibana dukani, ukumbini utalia.

Baba Mdogo: Neema, mimi juzi baada ya nyama choma nimeamka kidole gumba kimevimba, chekundu, hata shuka siwezi kuligusisha. Ndiyo hicho kinundu?

Neema (Dodoma): Kinundu hakiji usiku mmoja, Baba Mdogo. Hiyo inafanana na gauti, ugonjwa wa viungo. Nenda hospitali kesho wakupime, usihangaike na viatu.

Mama Tatu: Haya, sare iwe kitenge. Viatu kila mtu atafute vyake, mradi vya dhahabu.

Mama Mdogo: Asante Mungu. Nilikuwa naogopa kusema, vyangu nimevificha chini ya kitanda tangu Jumanne.

Dada Rehema: Na mimi 🙋🏾‍♀️

Shangazi: Kumbe!

Mama Tatu: Neema mwanangu, hiyo karatasi ya kuchorea, ya daftari inatosha au nitafute kubwa?

Juma: Natangaza biashara: jozi 18 za dhahabu, zimevaliwa dakika kumi.