Wauza vipodozi hapa Mbeya, minoksidili sio mafuta ya nywele, ni DAWA!

Wakuu habari zenu. Naandika nina hasira mnivumilie.

Nywele zangu za mbele zimekatika kwa ajili ya rasta za kubana, wadada mnajua ile, pembeni panabaki upara kabisa. Nikaingia duka moja la vipodozi huku mjini, muuzaji akanitolea kichupa cha minoksidili asilimia 5, "paka asubuhi na jioni shosti utakuja kunishukuru". Boksi hamna, karatasi ya maelezo hamna, kichupa na kile kidude cha kunyonyea basi.

Ngozi ya kichwa ikaanza kuwasha nakuna usiku kucha, magamba yanadondokea kwenye sweta, na nywele zenyewe zikazidi kupukutika. Namrudia ananiambia endelea tu, zinatoka za zamani. Na ni kweli wiki za mwanzo inatokea hivyo, ila kwanini hukusema kabla hujapokea hela yangu?? Baadae ndio vinyweleo vyeusi vikashuka kutoka kwenye paji la uso hadi mashavuni na juu ya mdomo. Mimi mwanamke jamani! Naenda kanisani nimejitanda mtandio mpaka puani.

Kilichonitisha zaidi ni moyo. Nimekaa zangu kwenye bajaji natoka Uyole, sijabeba hata kifurushi, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, nashuka naona kizunguzungu, jioni viatu haviingii miguu imevimba. Ndio mfamasia mmoja akanikalisha chini akanieleza, kumbe hii kitu ilianza kama kidonge cha presha, Marekani walikiruhusu 1979, wagonjwa wakawa wanaota nywele mwilini ndio likaja wazo la kuipaka kichwani, ya kupaka ikaruhusiwa 1988. Kazi yake inatanua mishipa ya damu. Sasa ukiipaka kwenye ngozi iliyochubuka kwa kukuna kama yangu inapenya kwenye damu kirahisi zaidi, na ndio moyo unakwenda mbio. Halafu ile ya maji ya asilimia 5 inaandikwa kabisa kwenye boksi kwamba ni ya wanaume, wanawake ni ya 2. Boksi mmetupa, mteja asome wapi?

Na nyie vijana mnaopaka ndevu ziote huku mna vichanga nyumbani, Ulaya kumeripotiwa watoto wachanga walioota nywele mwilini kwa kugusana na ngozi ya mzazi aliyepaka. Mama anayenyonyesha ndio kabisa haishauriwi. Nani kaambiwa haya dukani?

Nimeacha. Mfamasia kasema vinyweleo vya usoni vitaisha taratibu kwa miezi, na hizo chache zilizoota kichwani nazo zitaondoka maana ukiacha tu zinadondoka, hilo nalo hakuna aliyenitajia. Ukiona moyo unakwenda mbio, kifua kinauma au unavimba, acha hapohapo uende hospitali, na madhara kama haya TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wanapokea taarifa, pelekeni.

Nilimrudishia kichupa chake anajibu mbona wateja wengine hawalalamiki. Haya, kama na wewe umeuziwa hivyo bila boksi bila maelezo weka hapa yaliyokukuta, tuone kama ni mimi peke yangu.