Nyumba ya mlimani Lindi: mama anataka kuiona bahari, niangushe ukuta?

Mwana wa Mlimani
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kabla fundi hajashika nyundo.

Nyumba ni ya marehemu baba, aliimaliza 1978, iko mlimani juu ya mji wa Lindi. Tofali za sementi za inchi sita, bati, madirisha ya mbao. Ukisimama uani unaiona ghuba yote: mto Lukuledi unavyomwaga maji yake, kijiji cha Kitunda ng'ambo, kivuko kinakwenda na kurudi. Ukiingia ndani huoni kitu. Sebule inatazama barabara. Upande wa bahari kuna stoo, jiko, na chumba cha mama chenye dirisha moja la futi tatu kwa tatu.

Mama ana miaka 79 na magoti yamegoma. Kuzaliwa kazaliwa Kitunda. Juzi nilimkuta amesimama, kashika nondo za dirisha, anachungulia. "Naangalia kama kivuko kimeshageuka," akaniambia. Alisimama hadi miguu ikaanza kutetemeka. Sijatulia tangu siku hiyo.

Fundi anasema tuangushe ukuta wote wa nyuma, mita nne na nusu, tuweke vioo vya aluminiamu, na tuukate mwembe ulio chini ya nyumba. Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zimelalia ukuta huohuo. Naogopa.

Fundi wa Mikindani
Pole kaka, na umfikishie mama shikamoo yangu. Hofu yako ni ya kweli. Ukiondoa mita nne na nusu chini ya kenchi, paa lote la upande ule linahitaji boriti ya zege na nguzo mbili, na kila nguzo inataka msingi wake. Uzito uliokuwa umetandazwa ukutani unakwenda kukaa sehemu mbili, na kwako sehemu hizo ziko upande wa bonde. Msingi wa zamani haukujengwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya yote nijibu mawili. Dirisha linaanzia sentimita ngapi kutoka sakafuni? Na mama akikaa kwenye kiti chake, macho yake yako sentimita ngapi?

Mama Wawili, Shangani
Mdogo wangu, msikilize huyo. Mimi Mtwara nilitolewa ukuta kati ya sebule na baraza, fundi hakuweka hata mrunda mmoja wa kuegemeza. Wiki ya tatu ufa ukaanzia pembe ya mlango ukapanda mpaka darini, mkono unaingia. Nikalipa mara mbili. Halafu vioo vitupu vinavyotazama mashariki, kuanzia saa moja asubuhi chumba ni tanuri. Mama yako atafungiwa pazia kutwa nzima, na bahari asiione.

Mkulima wa Korosho
Mwembe usiukate! Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo chini ya msingi wenu. Ondoa matawi ya chini tu, uyakate karibu na shina, na ya katikati uyapunguze. Utaona maji katikati ya majani, na kivuli kinabaki.

Mwana wa Mlimani
Nimepima. Dirisha linaanzia sentimita 130. Macho ya mama akikaa, 102. Nilikaa kwenye kiti chake nikatazama. Nikaona ukuta, na juu ya ukuta kipande cha mbingu. Miaka yote hii hakuna aliyekaa pale akaangalia.

Fundi wa Mikindani
Basi jibu unalo. Usipanue dirisha, lishushe. Upana ubaki uleule, lenta, ile boriti inayolala juu ya dirisha, isiguswe. Tofali zilizo chini ya dirisha hazijabeba paa, zinajibeba zenyewe. Toa mpaka sentimita 60. Mwambie fundi achore mistari miwili wima, aikate kwanza kwa grenda pande zote mbili, ndipo atoe tofali moja moja kuanzia juu. Nyundo kubwa asiilete, inatingisha lenta.

Kizingiti kipya kiinamie nje, na chini yake kiwe na mfereji mwembamba ili maji yadondoke yasirudi ukutani. Zege lake lisichanganywe na mchanga wa pwani, chumvi italila nondo. Grili iwe ya nondo zilizosimama, nafasi isizidi sentimita 10. Za kulala wajukuu watazifanya ngazi. Kazi ifanyike mvua zikishaisha.

Chumba cha mama kikikaa vizuri, jiko unaweza kulifanyia vilevile mwakani.

Mama Wawili, Shangani
Na bati lisogee mbele kidogo juu ya dirisha hilo. Kusi ikija na mvua italowesha kitanda.

Mwana wa Mlimani
Nimemweleza mama. Kauliza jambo moja tu: zile mbao za dirisha zitatupwa? Baba alizipiga randa mwenyewe, pale uani, mama akimshikia upande wa pili. Nimemwambia zinabaki juu palepale, tunaongeza za chini. Yule fundi wa kwanza nimemshukuru. Kesho naanza na matawi ya mwembe.